Marijani Rajab au Remmy Ongala: anayejifunza kutunga aanze na nani?

Mpwa wangu alikuja nyumbani Jumapili moja na gitaa la kuazima na nyimbo nne alizorekodi kwenye simu. Tukakaa barazani, akaiweka simu juu ya kigoda, nikasikiliza zote mara mbili. Sauti anayo. Vidole vinakwenda. Lakini nyimbo zote nne zilikuwa za mpenzi asiye na jina, anayekaa mahali pasipojulikana, aliyemwacha mtu kwa sababu isiyosemwa. Nikamuuliza, "Huyu unayemwimbia ni nani?" Akafikiri, akasema, "Mjomba, ni mtu yeyote tu." Nikamwambia hapo ndipo penye ugonjwa.

Alipokuwa anaaga akauliza swali ambalo tangu siku ile nimeulizwa na vijana wengine wawili: anayetaka kujifunza kutunga kutoka kwa wazee wa dansi, aanze na Marijani Rajab au Remmy Ongala? Pale mlangoni nilimjibu kwa neno moja tu. Swali lilistahili zaidi ya hapo.

Kuwalinganisha hawa wawili kuna faida kwa sababu wanafanana katika mengi. Wote waliimba nyimbo walizotunga wenyewe. Wote walivuma Dar es Salaam, katika muziki wa dansi, enzi ambazo redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo usiopita pale ulibaki kumbini na kwenye kanda. Wote walitumia Kiswahili anachokielewa muuza vitumbua na mhadhiri wa chuo kwa pamoja. Mbaraka Mwinshehe nimemwacha kwa makusudi, na najua watu wa Morogoro watanuna. Ni mtunzi mkubwa, ila kijana akimfuata Mbaraka huishia kulifuata gitaa lake. Mimi mwenyewe nilipotea humo miaka miwili nikikimbiza solo, sikuandika hata ubeti mmoja wa maana.

Tuanze na walikotoka, maana ndiko ilikotoka namna yao ya kutazama watu.

Marijani alizaliwa Kariakoo mwaka 1955. Hakuna mahali pa kumlea mtunzi wa visa kama Kariakoo: nyumba za vyumba sita na familia sita, ua mmoja, bomba moja, na kila ugomvi wa mume na mke una mashahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, bado hajafika miaka 20, tayari alikuwa anaimba na Safari Trippers, bendi iliyowakamata vijana wa mjini. Huko ndiko zilikotoka "Georgina" na "Rosa Nenda Shule". Mwishoni mwa muongo ule akawa na Dar International, wana Super Bomboka, zikaja "Zuwena" na "Mwanameka". Watu wakamwita Jabali la Muziki. Wengine walimwita Dozza.

Remmy alimtangulia kuzaliwa kwa miaka minane. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, jimbo la Maniema, wakati Kongo bado iko chini ya Wabelgiji, na jina lake kamili lilikuwa Ramazani Mtoro Ongala. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto kabla yake, akashauriwa na mganga asijifungulie hospitali, na kwamba yeye alitoka tumboni akiwa na meno mawili ya mbele. Kwa watu wa kwao hiyo ilikuwa dalili ya uganga. Ndiyo asili ya lile jina la Dokta, na ya nywele zake ndefu. Akawa yatima akiwa bado mdogo, akapiga muziki katika bendi za Kongo na Uganda, na mwaka 1978 akaingia Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy. Baadaye akaenda Orchestra Matimila, ambayo mikononi mwake ikawa Super Matimila.

Tazama mwaka huo 1978. Remmy ana miaka 31 na ni mgeni mjini. Marijani ana 23 na ni mwenyeji mwenye jina. Mdogo kwa umri ndiye mkubwa wa mji. Naona jambo hilo limeingia mpaka kwenye nyimbo zao. Marijani anaimba kama jirani: anajua nani kaolewa na nani, nani kaacha shule, nani haonekani nyumbani. Remmy hana ua wa utotoni Dar es Salaam. Hana jirani wa miaka 20 wa kumsema. Kwa hiyo anaimba yale ambayo mgeni anayajua sawasawa na mwenyeji, yaani njaa, kifo, kudharauliwa na kukosa mtoto.

Sasa tufike kwenye ufundi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Chukua daftari, andika majina ya nyimbo zao, bila kusikiliza chochote kwanza. Zoezi hili nimelifanya na vijana wengi na halijawahi kunitupa.

Upande wa Marijani utaandika: Georgina. Rosa. Zuwena. Mwanameka. Utadhani ni daftari la mahudhurio. Angalia pia majina yenyewe yalivyochanganyika: Zuwena na Mwanameka wa pwani, Georgina na Rosa waliobatizwa. Huo ndio mji aliokulia. Upande wa Remmy utaandika: "Mnyonge Hana Haki". "Siku ya Kufa". "Nalilia Mwana". "Ndumila Kuwili". "Kipenda Roho". "Tembea Ujionee". Huyu naye daftari lake ni la methali na malalamiko. Anazo nyimbo za majina ya watu, "Karola" na "Pamella" ni zake na ni nzuri, lakini hazikumjengea jina kama zile nyingine.

Sasa chukua jina moja moja ulivunje. "Rosa Nenda Shule" ni maneno matatu. Neno la kwanza limetupa msikilizaji. La pili ni amri, na amri haiji bila mwenye kuamuru, kwa hiyo tumepata na msemaji. La tatu limetupa mahali. Na ukifikiri zaidi, hakuna anayemwambia mtu nenda shule ikiwa mtu huyo yuko njiani anakwenda. Rosa hataki, au kuna anayemzuia. Kabla gitaa halijalia tumeshapata watu wawili, mahali na ugomvi. Mpwa wangu katika nyimbo nne hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

"Mnyonge Hana Haki" nayo ni maneno matatu. Humo hakuna anayeitwa wala anayeamriwa. Kuna mtu, lakini ni mtu asiye na sura, na kila aliyewahi kusukumwa kwenye foleni anaweza kujiweka mahali pake. Kitenzi chenyewe ni cha kukanusha, hana, kama hukumu iliyokwisha kusomwa. Jina hilo haliombi wala halishauri, linashuhudia tu. Ukisikia hivyo unanyamaza au unaitikia "kweli kabisa", huna njia ya tatu.

Na Remmy ana ujanja mmoja ambao ni wa Kiswahili tupu. Ukisema "Kipenda Roho", hakuna Mswahili asiyejua kwamba roho hiyo hula nyama mbichi. Yeye anataja nusu, wewe unamalizia moyoni, na ukishamalizia wimbo umekuwa wako. "Ndumila Kuwili" vivyo hivyo: neno moja tu, na kila mtu tayari ana mtu wake anayemfahamu mwenye tabia hiyo. Marijani anakupa jina la mtu usiyemjua mpaka umjue. Remmy anakupa maneno unayoyajua mpaka umkumbuke mtu.

Kuna kingine kuhusu urefu. Nyimbo nyingi za enzi za Marijani zilitoka kwenye santuri ndogo, ambazo upande mmoja hubeba dakika chache tu. Mara nyingi wimbo ulikatwa: upande wa kwanza kisa, upande wa pili magitaa na chemko la kuchezea. Mtunzi alijua kwamba kisa lazima kiishe kabla ya santuri kugeuzwa. Kijana anayetunga akiwa na simu isiyo na mwisho wa kurekodi anahitaji sana kubanwa namna hiyo. Remmy alikuja kupata nafasi pana zaidi, kumbini na baadaye kwenye albamu, na aliitumia kuongea. Kati ya ubeti na ubeti anazungumza, anauliza, anacheka, anarudi. Sauti yake ni ya mikwaruzo, haina utamu wa Marijani hata kidogo, na hakuhangaika kuifanya tamu. Muziki wake aliuita ubongo, kwa kuwa alitaka uingie kichwani na si miguuni peke yake.

Lazima niseme na udhaifu wao, vinginevyo sijamsaidia mtu. Wanawake wa Marijani wanaambiwa sana na hawasikiki sana. Rosa anaelekezwa, na Rosa mwenyewe hatumsikii akijibu. Kijana wa kiume akimwiga bila kufikiri atajikuta ana nyimbo kumi za kuwasuta wasichana. Remmy hatari yake ni mahubiri. Yeye aliyaweza kwa sababu aliyapitia: yatima, mhamiaji, mtu aliyeimba unyonge akiwa anaujua ladha yake. Anayemwiga bila kupitia kitu ataishia na kaulimbiu za mabango ya barabarani.

Lakini ujasiri wa Remmy hauna mfano. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi iliyofuata watu walizikwa bila ugonjwa kutajwa. Alikufa kwa homa, alikufa kwa kifua, alirogwa. Kwenye ukimya ule Remmy akasimama na "Mambo kwa Soksi", akiwaambia wanaume watumie kondomu, kwa neno la soksi ambalo kila mtu alilielewa na hakuna aliyeweza kudai limemtukana. Radio Tanzania haikuupiga. Ukumbini ukapigwa, watu wakaucheza, na wakarudi nalo neno nyumbani. Mimi nikiutazama wimbo ule kama mtunzi, ninachokiona kwanza ni lile neno: la kila siku, la kabatini, halina aibu. Angetumia neno la hospitali wimbo ungekufa siku ileile.

Na kifo. Mtaani kwetu kulikuwa na fundi seremala aliyekuwa na redio kaseti imejaa vumbi la mbao mpaka vitufe havisomeki. Alitengeneza vitanda na meza, na mara kwa mara jeneza. Siku ya jeneza alikuwa hapigi kitu kingine, ni Remmy peke yake, "Siku ya Kufa", wimbo ambao Remmy aliutunga kwa ajili ya rafiki aliyefariki. Mimi nilikuwa kijana, kazi yangu ilikuwa kuirudisha kanda nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Nakumbuka randa ikienda, inasimama, fundi anapuliza maranda kwenye ubao, anasikiliza mstari mmoja huku kichwa kimeinama, kisha randa inaendelea. Hakuwa mtu wa maneno. Sijawahi kuona msikilizaji wa namna ile tena, na tangu siku zile wimbo wa msiba naupima kwa swali moja: je, fundi yule angesimamisha randa?

Kuhusu walichoacha, tofauti ni kubwa na inauma.

Remmy alipata bahati ya kusafiri. Mwaka 1988 alialikwa kwenye ziara ya WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, akarekodi kwenye studio za Real World huko Uingereza. Zikatoka "Songs for the Poor Man" mwaka 1989 na "Mambo" mwaka 1992. Ndiyo maana leo anayetaka kumsoma Remmy anapata rekodi safi, kila gitaa linasikika liko wapi. Hata Kiswahili chake cha Kongo kimehifadhika: kuna wimbo uliochapwa kwenye albamu kama "Inchi Yetu", na mimi napenda kwamba hakuna aliyemsahihisha. Baada ya afya yake kutetereka miaka ya 2000 aligeukia nyimbo za injili. Alifariki Desemba 2010, na daladala mpaka kesho zinashusha watu Sinza kwa Remmy, wengi wao wakiwa hawajui Remmy ni nani.

Marijani hakupata studio ya Uingereza. Alihama bendi kadhaa miaka ya 1980, na miaka yake ya mwisho aliuza kanda karibu na nyumbani kwake Kariakoo. Mtu ambaye nyimbo zake zilipigwa kila kona ya nchi, anakaa kwenye kiti akiuza kanda ili apate chakula. Alifariki Machi 1995, ana miaka 40 tu. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na ndiyo iliyozaa COSOTA, chombo kinachosimamia hakimiliki nchini. Alikuwa kaburini miaka minne. Kila kijana anayeniletea wimbo namwambia kwanza akausajili, na nikisema hivyo ninayemfikiria ni Marijani.

Rekodi zake zimetawanyika. Nyingi zinapatikana mtandaoni zikiwa zimehamishwa kutoka kwenye kanda na wapenzi wake, nyingine zina mchanga wa sauti, nyingine zinakwenda kasi kuliko ilivyotakiwa. Ukitafuta "Zuwena" utaletewa kwanza ya Diamond Platnumz ya mwaka 2022, ambayo ni wimbo mwingine kabisa. Andika na jina la Marijani au la Dar International. Kama masikio yako hayavumilii rekodi chakavu, hapo Remmy ana faida ya wazi.

Basi nani achague nani?

Kama nyimbo zako hazina watu ndani yake, nenda kwa Marijani. Hiyo ndiyo hali ya vijana tisa kati ya kumi wanaokuja kwangu. Kama watu unao lakini unaogopa kusema jambo lenyewe, unazunguka, unafichaficha, nenda kwa Remmy. Kama sauti yako si tamu na umekata tamaa kwa ajili hiyo, Remmy tena, haraka, ukasikie mtu alivyoongea nyimbo mpaka zikavuka bahari. Anayetungia kwaya, kampeni ya afya au msiba atamhitaji Remmy, mradi awe tayari kutafuta soksi yake mwenyewe, yaani neno la nyumbani la kubebea jambo zito. Anayetunga ili watu wacheze harusini hapo atapata kwa wote, lakini angeanza na "Georgina".

Mwenye hali ya mpwa wangu, yaani mwanzoni kabisa, neno langu la pale mlangoni lilikuwa Marijani, na bado silibadilishi. Nina sababu moja. Kwa Marijani unajifunza kutazama, na kwa Remmy unajifunza kusema. Nimeona waliojifunza kusema kabla ya kutazama: wana sauti kubwa, wanataja umaskini, wanataja viongozi, na ukiwauliza yule maskini wa kwenye wimbo anakaa wapi na asubuhi alikunywa nini, hawajui. Waliotangulia kwa Marijani wakaja kwa Remmy baadaye hawana tatizo hilo. Wakisema mnyonge, kuna mtu wamemfikiria.

Muda? Miezi mitatu kwa mmoja. Wimbo mmoja kwa wiki, uandike wote kwa mkono kwenye daftari, kisha ujiulize nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kumetokea nini kabla ya mstari wa kwanza. Usipige gitaa wiki hiyo. Hilo ndilo sharti wanalolichukia kuliko yote.

Mpwa wangu alirudi baada ya wiki sita, hakungoja miezi mitatu. Safari hii alikuwa na wimbo mmoja tu. Unamhusu mama mmoja wa mtaani kwao anayeuza mkaa, ambaye kila jioni anakuja kugonga kudai deni la gunia moja, na nyumba nzima inazima taa na kunyamaza mpaka aondoke. Mtoto mdogo wa humo ndani anakohoa. Mama wa mkaa anasikia kikohozi kile, anasimama kidogo, halafu anaondoka bila kugonga tena.

Nilimwomba airudie sehemu ya kikohozi. Kisha nikamwambia afute mstari wa tatu, pale alipotuambia kwamba maisha ni magumu, na aimbe upya tangu mwanzo.